Mbona kwenye filamu muuaji anajulikana mapema?

Binti Chumbageni:
Wadau, habari za jioni. Kama hujasoma And Then There Were None ya Agatha Christie (1939), ishia hapa, maana natoboa siri. Watu 10 wamekwama kisiwani, wanauawa mmoja mmoja. Nilikisoma nikiwa kidato cha tatu, nikakesha na kibatari, na muuaji sikumjua mpaka ile barua iliyookotwa baharini ndani ya chupa. Juzi nikamwekea mdogo wangu toleo la BBC la 2015. Jaji alipokutwa kitini na damu kichwani, mtoto akasema: "Huyo hajafa. Kapimwa na daktari peke yake." Na kweli jaji ndiye muuaji, na kitabu hajakigusa! Iliniuma, nilitaka naye akeshe. Je, mbinu hii ya kujifanya mfu imechakaa, au filamu ndiyo inayotoa siri?

Baba Sele:
Filamu, dada. Jaji yule ni Charles Dance. Sisi tuliokulia vibanda umiza tunajua steringi hafi katikati. Ukiona mwigizaji mkubwa vile kaondoka mapema, unaanza kumsubiri arudi. Kitabuni jaji hana sura unayoijua, ni jina moja kati ya 10, na kifo chake unakipokea kwa kauli ya daktari tu, kisha hofu ya waliobaki inakusomba.

Msomaji wa Likoni:
Wapo waliojaribu kubadili mwisho, na wa kwanza ni mwandishi mwenyewe. Kwenye tamthilia yake ya 1943 wawili wananusurika na kupendana, na filamu ya René Clair ya 1945 ikafuata njia hiyo. Govorukhin, mwongozaji filamu Mrusi, ndiye aliyeheshimu mwisho wa kitabu mwaka 1987: hakubaki mtu. Mimi niko naye. Ule mwisho wa mapenzi unamfanya Vera, mmoja wa wale 10, asiwe na hatia, wakati kitabuni alimwacha mtoto aliyekuwa akimlea azame, na jambo hilo linamtafuna hadi kwenye kitanzi. Ukiliondoa, kinabaki kitendawili cha nani kaua, basi.

Binti Chumbageni:
Asanteni sana. Kweli, mdogo wangu hakuacha kutazama hata baada ya kumjua muuaji. Pale pa Vera na mtoto baharini alirudisha nyuma, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, alimruhusu aogelee akijua hatafika?" Sikumjibu. Nimemwachia kitabu juu ya mto wake.