Nyama ya kuoka ya Jumapili ya Waingereza: ni tamu au ni chakula cha mgonjwa?

Kisauni_Leeds (mwanzisha mada)

Wanajamvi, salamu kwenu nyote. Ninaishi Leeds, na Jumapili ya wiki ijayo tutakuwa na wakwe zangu kutoka Mombasa, ambao hawajawahi kufika Uingereza. Mke wangu anataka mlo wao wa Jumapili uwe wa Kiingereza halisi: nyama ya kuoka, viazi vya oveni, mboga, pudingi ya Yorkshire (si tamu, ni kiandazi cha unga, mayai na maziwa kinachoumuka kwenye oveni) na ule mchuzi mzito wa kahawia. Mimi ninasita, kwa sababu nusu ya watu ninaowauliza husema chakula hicho hakina ladha, na nusu nyingine huapa kwamba hakina mfano. Njia ni tatu: kuwapeleka kwenye baa ya jirani inayosifiwa kwa chakula chake, kupika nyumbani kwa namna ya Kiingereza, au kuachana na habari hiyo na kupika pilau. Naombeni ulinganisho wa haki.

MamaTunu

Ndugu yangu, swali lako halijibiki lilivyo. Hujasema mtakuwa wangapi mezani, wala kama wageni wanakula halali pekee, wala oveni yako ina nafasi kiasi gani, wala ni nyama ya mnyama gani unayoifikiria. Ng'ombe, kondoo, kuku na nguruwe wote huokwa Jumapili, na kila mmoja ana kiungo chake cha mezani: ng'ombe huliwa na haradali au sosi ya ule mzizi mweupe unaopanda puani, kondoo na sosi ya nanaa na siki, nguruwe na tufaha zilizopondwa. Mtu asiyetaja nyama hajauliza kuhusu ladha. Tafadhali tupe maelezo kwanza.

Pilipili_Mbuzi

Mimi sihitaji maelezo. Jibu ni pilau. Miaka michache iliyopita, tukiwa Birmingham, rafiki wa mume wangu alitualika katika baa iliyokuwa imebandika mlangoni sifa za nyama yake ya Jumapili. Tulifika alasiri, na nadhani nyama ilikuwa imekatwa tangu asubuhi, ikawekwa chini ya taa za kupashia joto hadi vipande vikajikunja pembeni na kuwa vya kijivu. Viazi vilikuwa na ganda gumu nje na unyevu baridi ndani. Kabichi ilikuwa imechemshwa hadi imepoteza rangi, na karoti vilevile, bila chembe ya chumvi, kana kwamba sisi sote tulikuwa wodini tunasubiri daktari. Pudingi ilitoka kwenye friza, na ilivunjika kwa kishindo nilipoichoma kwa uma. Mchuzi ulikuwa wa unga wa pakiti, umeshafanya utando juu, na mhudumu alitumiminia kwa moyo mkunjufu hadi sahani nzima ikawa na ladha moja. Nilipoomba pilipili aliniletea kwanza pilipili manga, na nilipomweleza kwamba ninataka pilipili yenyewe, alirudi na sosi ya nyanya. Mwenyeji wetu alikula akamaliza, akasema ni mlo bora alioupata mwezi huo, nasi kwa adabu tukaitikia. Bili ilikaribia pauni 20 kwa kila sahani. Tangu siku hiyo sijashawishika.

Fundi_Oveni

Dada Pilipili, pole, lakini umeeleza uzembe wa jiko moja, hukueleza chakula. Biriani iliyopashwa moto mara tatu nayo haina mtetezi. Ladha ya nyama ya kuoka hutokana na mambo ambayo hayavumilii kusubiri: chumvi iliyopakwa usiku uliotangulia ikaingia ndani, moto mkali wa mwanzo unaoipa nyama rangi, nusu saa ya kuipumzisha kabla ya kuikata ili maji yake yasimwagike ubaoni, na mchuzi unaotengenezwa kwa yale masalia yaliyogandia chini ya sinia. Mchuzi wa pakiti hauna chochote kati ya hayo. Viazi navyo vina kanuni zake: vinatakiwa vile vya unga, kama Maris Piper au King Edward, vichemshwe hadi kingo zilegee, vitikiswe ndani ya sufuria vichubuke, kisha vitiwe kwenye mafuta ambayo tayari yamechemka ndani ya oveni ya nyuzi 200. Atakayeonja kiazi cha namna hiyo na kukiita chakula cha mgonjwa, basi anatuonea.

Mzee_wa_Choma

Ningependa kuongeza hoja ambayo naona inakwepwa. Sisi Wakenya wa bara hula nyama choma iliyotiwa chumvi tu, na hakuna anayethubutu kusema kwamba haina ladha. Kwa nini basi Mwingereza ahukumiwe kwa kutotia bizari? Yeye hukiacha kiungo mezani, kila mtu ajitilie kadiri ya ulimi wake, nasi tunafanya vivyo hivyo kwa kachumbari. Tena haradali ya Kiingereza ni kali kuliko ya Kifaransa. Anayedhani watu hawa hawali vitu vikali ajipakulie kijiko kizima.

Pilipili_Mbuzi

Mzee wangu, kwa heshima zote, ulinganisho huo haukubaliki. Choma ina moshi wa makaa, ina mafuta yanayodondokea motoni, ina ndimu na pilipili pembeni. Oveni ya umeme haina moshi. Mkinitolea kile kilichomo kwenye vikopo vya mezani, nionesheni nyama yenyewe imebakiwa na nini.

Msomi_wa_Jikoni

Hata Waingereza zamani hawakutumia oveni. Nyama ilizungushwa kwenye kijiti mbele ya moto, na mafuta yalidondokea kwenye bakuli la uji wa unga, mayai na maziwa. Huko ndiko ilikotoka pudingi, na Hannah Glasse aliichapisha kwa jina la Yorkshire katika kitabu chake cha mapishi cha mwaka 1747. Familia zisizo na jiko la kutosha zilipeleka nyama kwa mwoka mikate wa mtaa Jumapili, zikaichukua baada ya ibada. Sifa mbaya ya kukosa ladha, kwa maoni yangu, iliongezwa na vita. Nyama iliingia kwenye mgao mwezi Machi 1940 na haikutoka hadi Julai 1954. Kizazi kizima kilijifunza kupika bila mafuta na bila kipande cha maana, na mazoea hayo yakarithiwa na jikoni za shule ambako wengi wetu tulikutana na chakula hiki kwa mara ya kwanza.

MamaTunu

Historia ni nzuri, lakini mwenye mada amekwenda wapi?

Kisauni_Leeds (mwanzisha mada)

Niwieni radhi, nilikuwa kazini. Tutakuwa watu wazima sita. Wakwe zangu wanakula halali pekee. Mama mkwe meno yake hayana nguvu tena, na nyama yenye damu hawezi hata kuitazama. Oveni yangu ni moja, ina trei mbili.

MamaTunu

Hayo ndiyo ungeyatanguliza, kwa sababu yanaiondoa baa moja kwa moja, isipokuwa kama ni ile adimu inayouza nyama halali. Hata anayekwepa nguruwe na kuagiza kuku anaweza kukuta ule mchanganyiko wa mkate, vitunguu na seji umetiwa soseji ya nguruwe, mchuzi umetiwa mvinyo, na viazi vimeokwa kwa mafuta ya bata bukini ambaye hujui alichinjwaje. Hao ni wakwe. Usiwapeleke mahali utakapolazimika kumhoji mhudumu mbele yao kuhusu kila kijiko. Pikeni nyumbani, kondoo kutoka bucha ya halali, viazi kwa mafuta ya alizeti, na karoti za siagi na asali.

Fundi_Oveni

Ninakubaliana kuhusu kondoo. Chukua paja la kilo mbili hivi, lichome kwa ncha ya kisu, ukitie vipande vya kitunguu saumu na vijiti vya rozmeri. Kwa watu wasiotaka wekundu, hesabu dakika 30 kwa kila nusu kilo na nusu saa zaidi, katika nyuzi 180. Nyama ikitoka kupumzika, pandisha moto, na hapo ndipo pudingi inapoingia.

Msomi_wa_Jikoni

Pudingi kwa kondoo? Pudingi ya Yorkshire ni ya ng'ombe.

Fundi_Oveni

Nenda baa yoyote ya Leeds leo, utaikuta imekalia kila sahani, hata ya kuku. Kinachoifanya iwe ya Yorkshire ni kimo chake. Mwaka 2008 Chama cha Kifalme cha Kemia kilitamka kwamba isiyofika inchi nne, yaani sentimita 10 hivi, haistahili jina hilo.

Mzee_wa_Choma

Wanakemia wamekosa kazi. Mtoa mada, mpe baba mkwe pudingi mbili na umwongezee mchuzi. Huku Yorkshire zamani pudingi ilitangulia mezani peke yake ili watu washibe kabla ya nyama, na kwa bei za bucha za sasa utaratibu huo una faida yake.

Pilipili_Mbuzi

Naona mmekwisha kuamua bila mimi. Angalau mpake huyo kondoo tangawizi, bizari nzima na maziwa ya mgando tangu Jumamosi.

MamaTunu

Dada, hiyo itakuwa nyama ya kuoka ya Pwani, na wao wanaijua. Mke wake ameomba ya Kiingereza.

Kisauni_Leeds (mwanzisha mada)

Nimewasomea haya nyumbani. Mke wangu anamuunga mkono Fundi, nami moyo wangu uko kwa dada Pilipili. Nimeagiza kondoo kwa bucha lakini sijataja kipande. Je, paja litalainika vya kutosha kwa mama?

Fundi_Oveni

Litalainika, ukilikata vipande vyembamba kukingama nyuzi za nyama.

MamaTunu

Halitalainika. Chukua bega, lifunike kwa foili, uliache saa nne katika nyuzi 150, lifunuliwe mwishoni lishike rangi. Litachambuka kwa kijiko.

Fundi_Oveni

Na hizo saa nne viazi vya watu sita vitaokwa wapi?