Chennai: mgahawa wa mboga tupu, wa biriani au wa Kikerala, upi unamfaa mgonjwa?

Nuruyangu
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mwezi ujao nampeleka mama Chennai, India, kwa matibabu, tutakuwa mimi, mama na mdogo wangu wa kiume. Mama hali pilipili kabisa, na daktari kamkataza vya kukaanga. Mdogo wangu asipoona nyama haoni kama kala. Sisi ni Waislamu, kwa hiyo halali ni lazima. Nimeambiwa kuna migahawa ya mboga tupu yenye dosa na idli, kuna ya biriani na kuku, na kuna ya watu wa Kerala, jimbo jirani. Naomba anayeijua ailinganishe. Nataka kujua niagize nini, na saa ngapi.

Karafuu Kavu
Pole kwa kuuguza, dada. Umegusa penyewe uliposema saa, maana wengi huliacha hilo. Kule kuna chakula cha asubuhi na jioni, wanakiita tifini: idli (vitumbua vya mvuke), dosa (kama chapati nyembamba ya uji wa mchele na dengu), vada (kama bajia ya dengu), pongal (wali uliopondwa na choroko), upma (semolina iliyopikwa na viungo). Mchana ni "meals", yaani wali na vitoweo vyake. Migahawa mingi ya zamani ukiingia saa saba mchana ukataka dosa, utaambiwa ungoje jioni. Na usishangae kibao kimeandikwa "Hotel" halafu ndani hakuna hata chumba kimoja, huo ni mgahawa.

Kwa mama, mimi naweka mboga tupu mbele ya zote, na sababu yangu ni idli. Wanaloweka mchele na urad, zile dengu nyeusi zilizomenywa, wanasaga, wanaacha uji wake uumuke usiku kucha, kisha wanapika kwa mvuke kwenye vibati vyenye vishimo. Mafuta ni yale ya kupaka kibati tu. Idli nzuri ukiibonyeza kwa kidole inarudi juu, na ukiimega unaona vitundu vidogo vidogo na moshi unatoka. Ikiwa ngumu na kavu, ujue imekaa tangu alfajiri. Mwombe mhudumu alete za moto.

Shida ya idli haimo ndani ya idli, imo pembeni. Chatini nyekundu ni kali. Nyeupe ya nazi inaonekana pole, lakini mara nyingi imesagwa na pilipili mbichi. Sambar ni mchuzi wa mbaazi zilizopasuliwa, ukwaju, mvuje na pilipili kavu. Humo utakuta na maganda ya mlonge, yanatafunwa kisha nyuzi zinatemwa. Na ule unga mwekundu unaochanganywa na mafuta, usimsogezee mama kabisa. Mwagizie mtindi mtupu, alie idli kwa mtindi.

Mpishi wa Shughuli
Naunga mkono, ila dosa nayo isitajwe kama ni ndugu wa idli kwa mgonjwa. Uji ni karibu uleule, lakini dosa inasambazwa kwenye chuma cha moto na kuzungushiwa mafuta au samli, ndiyo maana inakuwa na ile rangi ya kahawia na ncha zinazokatika. Masala dosa ina viazi ndani, na baadhi ya nyumba hupaka chatini nyekundu upande wa ndani bila mteja kuona. Vada ni ya kukaangwa moja kwa moja. Hizo ale kijana.

Sasa kijana mwenyewe. Mpeleke Triplicane, mtaa wenye Waislamu wengi, ule wenye msikiti mkubwa wa Wallajah. Aulize biriani ya Ambur. Ambur ni mji ulio kwenye njia ya kwenda Bengaluru, na biriani yake inapikwa kwa seeraga samba, mchele wa punje fupi nyembamba wenye harufu yake, siyo basmati. Nyama inaanza kuiva ndani ya masala, ndipo wali uliochemshwa nusu unaongezwa, chungu kinafunikwa. Inakuja na mchuzi wa mbilingani wenye uchachu, na vitunguu ndani ya mtindi. Ile ya Hyderabad, mji mwingine wa India, ni basmati, na katika upishi wake maarufu nyama inawekwa mbichi ikiwa imelowekwa viungo, wali juu, mdomo wa chungu unazibwa kwa unga uliokandwa. Nikiambiwa nichague, nachagua Ambur. Punje fupi inanyonya supu ya nyama. Basmati inapendeza kwa macho tu.

Asitegemee masala pembeni na wali pembeni kama biriani yetu ya Pwani. Vyote vinakuja vimeshikana.

Mwambao
Wote mmeiruka Kerala, na mimi naona jibu la mama liko huko. Appam na ishtu! Appam inatengenezwa kwa unga wa mchele na nazi, umeumuliwa, unamiminwa kwenye kikaango chenye shimo na kuzungushwa. Pembeni inakuwa nyembamba kama lesi, katikati nene na laini. Ishtu ni viazi, karoti na tangawizi ndani ya tuwi la nazi, nyeupe kabisa, haina pilipili ya unga. Pilipili mbichi zinapasuliwa na kutupwa humo nzimanzima, unazitoa kwa kijiko. Mtu aliyekulia chakula cha nazi hahitaji kufundishwa kuipenda.

Ila parotta yao aiache. Ni ngano iliyokandwa kwa mafuta tabaka kwa tabaka, tamu sana, na nzito sana kwa mgonjwa.

Karafuu Kavu
Mwambao, tuwi zito kwa mtu ambaye hatujaambiwa anaumwa nini? Kama ni moyo, au figo, nisingethubutu kumwekea kila siku. Dada, hospitali kubwa za kule zina wataalamu wa lishe. Ukifika muulize mmoja kuhusu tuwi, chumvi na mbaazi kabla ya yote tunayoandika hapa.

Mwambao
Hilo nalikubali. Kila siku, hapana.

Bi Tumaini
Kuhusu halali mwanangu, mboga tupu ndiyo inayokutua mzigo. Nyama haimo jikoni kabisa, hivyo hujiulizi nani alichinja. Kwa Wakerala usidhani wote ni sawa: wamo Waislamu wa Malabar, kaskazini ya Kerala, wamo Wahindu, wamo Wakristo, na kila nyumba ina jiko lake. Uliza waziwazi, hawakasiriki. Na migahawa iliyoandikwa Chettinad, yaani mapishi ya eneo la Chettinad la kusini kulekule, kuku wao ni hodari, ila viungo vyao ni vizito, pilipili manga haihesabiki. Mama asiletwe huko.

Nuruyangu
Ahsanteni mno, shikamoo Bi Tumaini. Mambo matatu bado. Nimwambieje mhudumu kwamba sitaki pilipili? Hiyo "meals" inaliwaje? Na mama anaweza kupata nini mchana, maana idli mmesema ni asubuhi na jioni?

Bi Tumaini
Marahaba mwanangu. Sema "kaaram vendaam", maana yake hutaki ukali. Lakini vitu kama sambar vimeshapikwa kwenye sufuria kubwa, hawawezi kukutolea pilipili. Neno hilo litakusaidia kwa kinachopikwa papo hapo.

"Meals" inawekwa kwenye jani la mgomba. Unalinyunyizia maji na kulifuta kwa mkono. Nusu ya juu ya jani wanapanga achari na mboga, nusu ya chini wanaweka wali. Unaanza na sambar, unaongezewa wali, unakuja rasam, ule mchuzi mwepesi wa ukwaju na pilipili manga, mwisho mtindi. Wanapita na ndoo zao wakiongeza bila malipo, mpaka useme "podhum", yaani yatosha. Kwa sababu hiyo jani moja haligawanywi kwa watu wawili. Ukimaliza, likunje kuja upande wako.

Kwa mama mchana, usimwekee jani zima. Agiza wali wa mtindi peke yake. Unapambwa kwa haradali na majani ya karipata yaliyokaangwa kidogo. Vipande vya pilipili mbichi vitoeni. Ni chakula ambacho wenyeji nao humaliza nacho ili tumbo litulie.

Mpishi wa Shughuli
Kwenye bili utakuta kodi ya GST, asilimia 5 kwa mgahawa wa kawaida, hiyo ni halali yao. Wakiongeza pesa ya huduma, siyo lazima. Mamlaka ya kulinda watumiaji ya India ilitoa mwongozo huo mwaka 2022. Omba iondolewe kwa upole.

Na kama mtakuwa Triplicane kwa ajili ya biriani ya kijana, palepale mtaani kuna Ratna Café, ipo tangu 1948, idli yake inakuja imezamishwa kwenye sambar. Mama ataitaka kavu. Wewe kula iliyozama.

Nuruyangu
Basi nimepanga hivi: mama asubuhi idli na mtindi, mchana wali wa mtindi, jioni idiyappam (zile tambi za unga wa mchele za mvuke) kama ipo, ishtu nitasubiri neno la mtaalamu wa lishe. Mdogo wangu nitamwachia Triplicane. Mama akilazwa, naweza kumpelekea idli wodini?

Karafuu Kavu
Uliza wodi kwanza, wengine hawaruhusu chakula cha nje. Wakiruhusu, idli inasafiri vizuri ikifungwa kwenye jani, inabaki na unyevu. Chatini ya nazi usiibebe. Kwa joto la Chennai inachacha mapema, nunua mtindi uliofungwa ukiwa njiani.