Jedwali la "-me- ni have" lifutwe ubaoni? Mjadala kuhusu nyakati za Kiingereza

Chaki Nyeupe (mwanzisha mada)

Wakuu, naleta hoja. Madaftari mengi ya Kiingereza ya kidato cha kwanza yana jedwali lilelile: -na- ni "is" na "-ing", -li- ni "-ed", -me- ni "has" au "have", -ta- ni "will". Mtoto wa shule ya serikali Tanzania amesoma elimu ya msingi kwa Kiswahili. Akivuka sekondari anakuta fizikia, historia na jiografia vyote vimegeuka Kiingereza, na jedwali hilo ndilo daraja analopewa. Nasema daraja hilo limeoza, tulivunje.

Chukueni picha ya kawaida. Mama amekaa mkekani, amevaa kanga, amebeba mtoto mgongoni. Nyuma yake mzee amesimama, ameshika bakora. Kando yao mbwa amelala. Vitenzi sita, vyote -me-. Mwanafunzi mwenye jedwali ataandika "The mother has sat", "she has worn a kanga", "the old man has stood". Mwingereza akitazama picha hiyohiyo anasema "is sitting", "is wearing", "is carrying", "is standing", "is holding", "is sleeping". Sita kwa sita jedwali limempoteza mtoto.

Kwenye -na- hali si nafuu. "Anajua" inakuwa "he is knowing". "Anafundisha hapa tangu 2015" inakuwa "he is teaching here since 2015", wakati Kiingereza kinataka "he has taught" au "he has been teaching". Na kwa kuwa mitaani tunasema "nimemwona jana" bila wasiwasi, insha zimejaa "I have seen him yesterday".

Pendekezo langu: katika kipindi cha sarufi ya Kiingereza, Kiswahili kikae nje ya mlango.

Bi Njeo

Mwalimu, picha yako ni nzuri, ila umemhukumu asiye na kosa. -me- haijakosea hata mara moja hapo. Kilichokosea ni tafsiri ya kitenzi.

Orodha za msamiati zinaandika vaa ni "wear", kaa ni "sit", simama ni "stand", lala ni "sleep". Sasa kanusha uone. "Hajavaa viatu" maana yake nini? Kwamba bado hajavitia miguuni. Kumbe vaa ni kile kitendo cha kuitia nguo mwilini, ambacho kwa Kiingereza ni "put on". Kaa ni "sit down", simama ni "stand up", lala ni "lie down" au "fall asleep". Rudi kwenye jedwali lako: "has put on a kanga", "has sat down", "has stood up", "has fallen asleep". Kiingereza safi, na -me- imekaa mahali pake.

Kiingereza kina vitenzi viwili kwa jambo hili, kimoja cha kuingia katika hali na kingine cha kuwa ndani yake. Sisi tuna kimoja, kisha -me- inatuambia mtu ameshaingia na bado yumo. Kwa hiyo kwenye orodha ya msamiati andika mistari miwili: vaa ni "put on", amevaa ni "is wearing". Shika ni "take hold of", ameshika ni "is holding". Vingine Kiingereza kimevipa kivumishi: amechoka "is tired", ameshiba "is full", ameoa "is married", kikombe kimevunjika "is broken". Vitenzi vya namna hii vya kila siku ni ishirini au thelathini hivi. Mwanafunzi anavimaliza ndani ya mwezi.

Na nikuombe jambo moja kabla hujafunga mlango. Mfundishe mtoto hali timilifu, yaani hiyo ya "have" na "has", kwa kuanza na ukanushi, usianze na -me-. "Hajafika": "He hasn't arrived." "Hakufika": "He didn't arrive." Hakuna mtoto anayezungumza Kiswahili asiyeisikia tofauti hiyo. Hajafika, basi bado tunamsubiri na kiti chake kipo. Hakufika, basi mkutano umekwisha na watu wametawanyika. Tofauti hiyo ndiyo Kiingereza kinayoibeba kwa "hasn't" na "didn't", na mtoto amekuja nayo shuleni kutoka nyumbani. Ukikifukuza Kiswahili unaifukuza na hiyo.

Mwalimu wa Pwani

Shikamoo Bi Njeo. Hoja ya -ja- na -ku- naipokea kwa mikono miwili. Lakini kipindi ni dakika 40. Ukitumia 20 kueleza Kiswahili, Kiingereza kinasemwa saa ngapi? Huku Kenya watoto wanafundishwa kwa Kiingereza tangu wakiwa wadogo kuliko wa Tanzania, na bado "I have seen him yesterday" ipo. Maelezo hayaondoi kosa hili, kinachoondoa ni mazoezi.

Mimi nashika vitu viwili tu.

La kwanza ni swali "lini?". Kama sentensi inajibu lini, kwa "yesterday", "last week", "in 2015", "two days ago", basi "have" haina nafasi hapo, iwe Kiswahili kimesema nime- au nili-. Kama inasema tangu lini au kwa muda gani mpaka sasa, kwa "since", "for three years", "so far", basi "have" inaingia, hata kama Kiswahili kimesema -na-. Mpe sentensi 20 za Kiingereza zenye pengo la kitenzi. Mwambie apigie mstari maneno ya wakati kwanza, ajaze pengo baadaye. Wengi hufanya kinyume: huona kitenzi, hukimbilia kujaza, na "yesterday" iliyo mwisho wa sentensi hawaifikii.

La pili, na hili naona linapuuzwa, ni neno la kwanza la kundi la kitenzi. Kiswahili tunasema "alikuwa anasoma", "alikuwa amesoma". Tazama: a-li-kuwa, a-na-soma. Maneno mawili na kila moja limejibebea mtendaji na alama yake. Kiingereza wakati unakaa kwenye neno la kwanza peke yake, yanayofuata hayaguswi. "Did go", "has gone", "was going", "had been going". Mtoto aliyezoea kila neno libebe alama anaandika "he did went", "she didn't came". Hajakosa akili, anatumia sarufi yake.

Dawa ni kanuni tatu. Baada ya "do", "does", "did", "will", "can", "must" kitenzi kinabaki kitupu. Baada ya "have", "has", "had" inakuja safu ya tatu ya lile jedwali la "go, went, gone". Baada ya "be" na ndugu zake inakuja "-ing", au safu ya tatu kama ni kutendwa. Safu ya pili, "went", "came", "ate", haifuati kitenzi kisaidizi chochote, inasimama peke yake. Kanuni hii ya mwisho ikimwingia, "did went" na "has went" vinakufa siku moja.

Mkalimani

Naona mnagombania jana na juzi. Makosa yanayoharibu kazi za watu maofisini yanatoka kwingine: neno "alisema".

Kiswahili, baada ya "alisema", kinaacha kitenzi kama kilivyotamkwa. Mweka hazina alisema fedha zinalipwa. Alisema fedha zimelipwa. Alisema fedha zitalipwa. Kiingereza kinarudisha kila kimoja nyuma: "said the money was being paid", "had been paid", "would be paid". Mwandishi wa muhtasari wa kikao anayeshika jedwali lenu ataandika "The treasurer said the money will be paid". Msomaji wa mwaka unaofuata ataelewa kwamba malipo bado yanasubiriwa hata leo.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni jedwali la pili, la baada ya "said", "thought", "knew": -na- inakuwa "was -ing", -me- inakuwa "had", -ta- inakuwa "would", na -li- nayo mara nyingi "had". Jambo ambalo bado ni kweli wakati wa kuandika linaweza kubaki katika wakati uliopo: "The teacher said that the earth goes round the sun."

Mtego mwingine ni huu. "Nikifika nitakupigia" inampeleka mtoto mahali sahihi, "When I arrive, I will call you", kwa sababu -ki- haina wakati ujao ndani yake. Lakini akiandika "nitakapofika nitakupigia", anatafsiri "When I will arrive". Mwambie tu: kila ukikuta -takapo-, igeuze kwanza iwe -ki- kichwani, kisha tafsiri. Hapo, Mwalimu Chaki, Kiswahili ndicho kinachomwokoa.

Mzizi na Kiambishi

Niongeze kidogo, maana msingi wa jedwali haujaguswa. Tunawaambia watoto Kiingereza kina nyakati kumi na mbili, wanazikariri kama majina ya mitume. Ukitazama umbo la kitenzi chenyewe, Kiingereza kina njeo, yaani maumbo ya wakati, mbili tu: "walk" na "walked". Zinazobaki ni hali, yaani kitendo kinaendelea au kimetimia, zilizounganishwa na hizo mbili kwa vitenzi visaidizi. Wakati ujao hauna umbo lake. "Will" ni ndugu wa "can" na "may".

Hili si la wanaisimu peke yao. Kwa kuwa tumesema -ta- ni "will", mwanafunzi mwenye tiketi mkononi anasema "I will travel to Tanga tomorrow", na mzungumzaji wa Kiingereza anasikia kama ameamua sasa hivi. Mpango uliokwisha kupangwa ni "I'm travelling". Ratiba ya basi ni "The bus leaves at six". Nia ni "going to". "Will" mpe kwa ahadi, utabiri na uamuzi wa papo hapo.

Chaki Nyeupe

Nimewasoma wote kwa makini. Kwenye -me- nakubali nilikosea mahali pa kulaumu. Orodha ya vaa na amevaa, kaa na amekaa, inaingia kwenye somo, na -ja- na -ku- zinatangulia kabla ya "have" yoyote. Kanuni ya neno la kwanza naiweka wiki ya kwanza kabisa, kabla ya majina ya nyakati.

Bado -na- inanisumbua. "Anasoma" ni "he is reading" au "he reads"? Kiswahili hakisemi. Mtoto ataijuaje tofauti kwa lugha isiyoitofautisha?

Bi Njeo

Inaitofautisha, Mwalimu, ila si kwa -na-. Tuna hu-. "Husoma kila jioni": "He reads every evening." Kila sentensi yenye -na-, jaribu kuweka hu-. Ikikubali bila kubadilika maana, Kiingereza ni "reads". Ikikataa, jaribu "yupo katikati ya kusoma". Hiyo ikikubali, ni "is reading". Na vile vitenzi vya "he is knowing" vinakamatwa na jaribio hilohilo. "Yupo katikati ya kula" inasemeka. "Yupo katikati ya kujua" haisemeki, wala ya kupenda, ya kuamini, ya kuhitaji. Visivyokubali "katikati" havipokei "-ing".

Angalizo moja: hu- haibadiliki kwa nafsi. Mimi husoma, wewe husoma, yeye husoma. Basi mtoto akitoka hapo huisahau "-s" ya "reads". Isisitize mara hiyohiyo, usiiache kwa kipindi kijacho.

Kama darasa liko Mwanza au Shinyanga, hu- inaweza kuwa ngeni masikioni. Tumia waliyonayo: "anasomaga". Hiyo -ga ni mazoea matupu, haichanganyiki na kuendelea.

Mwalimu wa Pwani

Bi Njeo, hapo tunaachana. Ukiandika "anasomaga" ubaoni, mwalimu wa Kiswahili wa chumba cha pili atalia. Kosa la somo moja tusilifanye dawa ya somo lingine.

Bi Njeo

Isiandikwe, isemwe. Swali la mdomo: "Anasomaga au anasoma sasa hivi?" Mtoto akijibu, chaki inaandika "reads" au "is reading". Kilichobaki ubaoni ni Kiingereza kitupu, kama unavyotaka wewe mwenyewe.

Mkalimani

Kabla hamjafunga, msiisahau -nge-. "Ungeniambia ningekuja." Vitabu vinatenganisha -nge- na -ngali-, midomo yetu imeziunganisha. Kiingereza hakiunganishi. Nafasi kama bado ipo: "If you told me, I would come." Kama imeshapita: "If you had told me, I would have come." Muulize mtoto kwanza kama nafasi bado ipo, ndipo aandike.

Kisha kuna kosa la pili ndani yake. Sisi tunaweka -nge- pande zote mbili, naye anaweka "would" pande zote mbili: "If you would have told me, I would have come." Upande wenye "if" haupewi "would". Akunje karatasi katikati, "if" na kitenzi chake kushoto, "would" kulia, afanye sentensi kumi akiwa na mkunjo huo mbele yake.

Chaki Nyeupe

Mkunjo nimeuchukua. Swali la -ga naliacha wazi kwa walimu wa Kiswahili: mtakubali isemwe kwa mdomo katika kipindi cha Kiingereza, au nayo mnaikataa? Walio Kanda ya Ziwa naomba mjibu kwanza.