Mrejesho: msaada wa serikali nikisubiri viza ya mume

Jamani ahsanteni sana. Mimi ndo yule wa Malindi niliyeuliza kama naweza kupata Inua Jamii, ile pesa ya serikali ya Kenya ya kusaidia wasiojiweza, huku nasubiri viza ya kumfata mume wangu Marekani. Nilienda kwa chifu kama mlivonambia, mimi nikakosa, ile elfu mbili ya mwezi ni ya wazee wa miaka 70 kwenda juu, mayatima na wenye ulemavu mkubwa, lakini mamangu ana 73 naishi nae wakamwandikisha, pesa bado haijaingia.

Ule ushauri wenu wa kutafuta mdhamini wa pili wa viza ndo ulotuokoa wallahi. Mshahara wa mume haukufika kiwango cha fomu I-864, ile ya mdhamini kuahidi kunitunza kule, na msaada wa chakula anaopata kule hauhesabiwi kuwa kipato, basi shemeji yangu ambae ni raia wa huko akajaza yake, makaratasi yakakubaliwa. Sasa nangoja tarehe ya intavyuu Nairobi.