Makanisa ya Ujerumani yanabaki matupu: je, na sisi tuko njia hiyo hiyo?

Mlei wa Ughaibuni ameuliza:
Tumsifu Yesu Kristo. Huu ni mwaka wangu wa sita Ujerumani, na parokia ninayosali ina kanisa linaloweza kuchukua watu zaidi ya 400. Jumapili iliyopita, katika misa ya saa nne asubuhi, nilihesabu watu 31, karibu wote wazee, na wakati wa sadaka kinanda ndicho kilichoimba. Takwimu za maaskofu wao zinasema hayo hayo: mwaka 2022 walijitoa Wakatoliki zaidi ya 520,000, mwaka 2023 zaidi ya 400,000, na mwaka 2024 zaidi ya 320,000. Kati ya milioni 19.8 waliobaki mwishoni mwa mwaka huo, waliohudhuria misa ya Jumapili walikuwa takribani asilimia 6.6. Je, haya ni ya Ulaya peke yake?

Katekista wa Kigango amejibu:
Milele na milele, amina. Ndugu yangu, huku kwetu Songea imani ililetwa na Wabenediktini wa Kijerumani, waliofika Peramiho mwaka 1898, kwa hiyo nimeipokea habari yako kama habari ya ugonjwa wa babu. Kwetu anayechelewa misa ya kwanza husali amesimama nje, chini ya mwembe. Nadhani kinachotushika ni jumuiya ndogondogo za waumini majirani wanaosali pamoja majumbani, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele tangu miaka ya 1970: usipoonekana wiki mbili, jirani anakuja kubisha hodi.

Mama wa Jumuiya amejibu:
Katekista, nakuheshimu, lakini anayebisha hodi huwa amekuja na nini mkononi? Mdogo wangu alikaa miezi mingi bila kazi, akaona haya kuhudhuria jumuiya kwa sababu daftari la michango lilisomwa kwa sauti mbele ya wote. Alipofariki tuliambiwa hakuwa mwanajumuiya hai, na padre hakuja. Tulimzika kwa rozari yetu wenyewe. Watoto wake leo wanasali kwa walokole, na sina neno la kuwarudisha. Kwa hiyo tusijivunie wanaojaa chini ya mwembe kabla hatujawahesabu walioondoka kimyakimya, maana huku hakuna ofisi inayowaandika.

Mlei wa Ughaibuni amejibu:
Pole sana, mama. Umenigusa, kwa sababu huku nako fedha ndiyo mlango wa kutokea. Serikali hulikusanyia Kanisa kodi yake, asilimia 8 au 9 ya kodi ya mapato kutegemea jimbo la kiserikali unaloishi, na anayetaka kuacha kuilipa hana budi kwenda ofisi ya serikali kutia sahihi kwamba amejitoa. Tangu tamko la maaskofu la mwaka 2012, aliyetia sahihi hapokei tena sakramenti, na anaweza kunyimwa hata maziko ya Kanisa asipoonyesha toba. Lakini haitoshi kusema watu wanakimbia kodi, kwa kuwa wazazi wao waliilipa miaka yote na hawakuondoka. Mwaka 2018 ilitolewa ripoti iliyoagizwa na maaskofu wenyewe, ikahesabu watoto 3,677 waliodhulumiwa kingono na makleri 1,670 kati ya 1946 na 2014, na ikaonyesha jinsi watuhumiwa walivyohamishwa parokia badala ya kushtakiwa. Mzee mmoja ninayekaa naye benchi moja aliniambia kwamba binti yake hakuacha kumwamini Mungu. Alichoacha ni kuwaamini waliomsomea Injili.

Katekista wa Kigango amejibu:
Mama, nimesoma maneno yako mara tatu, na sitayatetea tuliyokutendea. Nami ninalo daftari kama hilo, na ndani yake yumo kijana fundi baiskeli ambaye hajaonekana tangu Kwaresima, na mbele ya jina lake nimeandika deni tu. Jumamosi hii sala ya jumuiya iko nyumbani kwangu. Nitapita kwake kesho jioni, na daftari nitaliacha nyumbani.