Naomba ushauri: Phuket na mama mwenye matatizo ya magoti

Wakuu, habari zenu. Julai nampeleka mama Phuket, Thailand, siku sita. Ana miaka 64, magoti yanamsumbua, ila bahari anaipenda mno. Visiwa vya Similan nimeshavitoa, maana hufungwa katikati ya Mei hadi katikati ya Oktoba kwa sababu ya pepo za monsuni. Nawaza Ghuba ya Phang Nga, kwenye yale majabali ya chokaa yaliyosimama wima majini. Huko maji hutulia kuliko fukwe za magharibi.

Kwa aliyefika: zile boti za mkia mrefu, mtu mzima anapanda na kushuka bila shida? Na Rasi ya Promthep, kutazama jua likizama, kuna ngazi nyingi? Kupanda tembo hatutaki, mama mwenyewe amekataa, anamhurumia mnyama.