Nyutroni 18.5? Mnawafundisha nini watoto wetu?

Wakuu, hili limenikaa kooni na leo nalitoa.

Kuna notisi za kemia za Kidato cha Pili zinauzwa kwenye vibanda vya kutoa kopi na kurushwa kwenye magrupu ya wazazi. Walimu wa tyusheni wanazinakili ubaoni kama zilivyo. Kwenye mada ya muundo wa atomi kuna swali: tafuta idadi ya nyutroni katika atomi ya klorini. Jibu lililochapwa ni 35.5 − 17 = 18.5, yaani masi iliyoandikwa kwenye jedwali la elementi toa idadi ya protoni.

Nyutroni kumi na nane na nusu! Na hakuna aliyeshtuka: si aliyeandika, si anayeuza, si mwalimu anayesimama mbele ya darasa na kulisoma kwa sauti.

Binti yangu alipewa swali hilohilo kwenye jaribio la darasani. Akajibu: "18 au 20, inategemea ni isotopu ipi." Isotopu ni atomi za elementi moja zinazotofautiana kwa idadi ya nyutroni. Karatasi ninayo. Jibu lake limepigwa mkasi kwa kalamu nyekundu, pembeni pameandikwa 18.5, na chini yake "Soma notisi." Nilikwenda shuleni, nikamsalimia mwalimu vizuri, nikamwuliza hiyo nusu ya nyutroni inakaaje ndani ya kiini. Akaniambia, "Mzazi, jedwali linasema 35.5." Mazungumzo yakaishia hapo.

Jedwali linasema 35.5, ila halisemi kuna nusu ya nyutroni! Klorini ina protoni 17, hilo halibadiliki; protoni zikiwa 16 hiyo ni salfa, zikiwa 18 ni agoni. Kinachobadilika ni nyutroni. Klorini ya asili, iwe ya chumvi ya mezani au ya dawa ya kutibu maji, ni mchanganyiko wa atomi za aina mbili, yaani isotopu mbili. Zipo zenye nyutroni 18, namba yake ya masi (protoni jumlisha nyutroni) ni 35. Zipo zenye nyutroni 20, namba yake ya masi ni 37. Za kwanza ni kama asilimia 76, za pili kama 24, yaani takribani tatu kwa moja. Sasa piga hesabu: 35 mara tatu ni 105, jumlisha 37 unapata 142, gawanya kwa 4. Ni 35.5. Huo ni wastani wa kundi zima, ndio unaoitwa masi atomia. Hakuna atomi hata moja ya klorini, popote pale, yenye namba ya masi 35.5. Ukiambiwa kaya za mtaa wenu zina wastani wa watoto wanne na nusu, utakwenda kumtafuta huyo nusu mtoto nyumba kwa nyumba?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kwa klorini angalau ile desimali inapiga kelele. Nendeni kwenye bromini muone hatari yenyewe. Masi yake atomia ni 79.9, kwa hiyo mtoto anakadiria 80, anatoa protoni zake 35, anapata nyutroni 45. Jibu zuri, namba nzima, anapewa tiki. Na ni uongo! Bromini ya asili ni isotopu 79 na 81, karibu nusu kwa nusu, zenye nyutroni 44 na 46. Ya 45 haimo kabisa kwenye bromini ya asili. Mtoto kapata maksi kwa kuhesabu kitu kisichokuwepo, na hakuna wa kumwambia.

Hii 35.5 iliwatesa watu wazima. Mwaka 1815 daktari Mwingereza William Prout alitoa wazo kwamba uzito wa kila atomi ni mara kadhaa ya uzito wa haidrojeni, namba nzima tupu. Klorini ikalikwamisha wazo hilo kwa karibu miaka mia. Mwaka 1913 Frederick Soddy akalileta jina la isotopu, kisha Francis Aston, pale Cambridge, akatengeneza chombo cha kutenganisha atomi kwa masi zake, na klorini ikajigawa mbele yake: 35 huku, 37 kule. Akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1922. Nyutroni yenyewe James Chadwick aliigundua 1932. Yaani fumbo lilishafumbuliwa zamani, halafu sisi tunawarudisha watoto gizani kwa shilingi mia za kopi!

Na notisi hizohizo zinadai eti isotopu ni "elementi zenye mionzi". Hapana. Klorini 35 na 37 zote ni tulivu, hazitoi mionzi, unazila kila siku kwenye ugali na mboga. Kobalti ya asili ni 59, nayo ni tulivu. Ile yenye mionzi ni kobalti-60, iliyotumika kwenye mashine za kutibu saratani pale hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam. Protoni ni zilezile 27, nyutroni imezidi moja tu.

Msije kuniambia "ni Kidato cha Pili tu, wataelewa mbele." Mbele kuna hesabu za moli (kipimo cha kuhesabia atomi nyingi kwa pamoja), na huko 35.5 inatumika kihalali kabisa kwa sababu unapima mabilioni ya atomi kwa pamoja. Mtoto aliyechanganyiwa namba ya masi na masi atomia atajuaje wapi atumie ipi?

Walimu mliomo humu, fungueni notisi zenu usiku huu. Mkikuta 18.5, futeni. Swali likitaka nyutroni, litaje isotopu: klorini-37 ina nyutroni ngapi? 37 − 17 = 20, basi. Likitaka wastani, litoe asilimia na mtoto apige hesabu. Na ambao wana watoto Kidato cha Pili, pigeni picha ukurasa huo muuweke hapa, tujue umesambaa hadi mikoa gani.